Mzee Penitala na Ombi la Chonga

Mchungaji, wakuu wa koo za Saletele, na ninyi wageni wetu wa Vaifou mlioketi upande wa kulia, mimi ni Fetuao, binti wa tatu wa marehemu, na nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu kaka zangu wawili wameshindwa kuumaliza hata mstari wa kwanza bila kulia.

Marehemu baba yetu, Mose Penitala, alizaliwa tarehe 4 Mei 1909 hapa Saletele, kisiwani Savai'i, mtoto pekee wa Mzee Penitala Ato na Bibi Lagi, akasoma shule ya mchungaji kuanzia mwaka 1916 hadi 1923, ambako alijifunza Biblia, mwandiko mzuri, na kusema uongo kwa uso mkavu, ingawa hilo la tatu halikuandikwa kwenye cheti.

Mwaka 1925 alianza kazi katika shamba la minazi la babu, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru kila mwanamume alete chonga kumi kila Jumatatu, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayekula moyo wa mnazi, na watu wa Saletele, kwa kuwa tunapenda sifa, wakawasaka kwa bidii hata kufikia mwanzo wa 1928 hapakuwa na chonga hata wa dawa, jambo lililostahili pongezi, lakini sheria ilitaka chonga, haikutaka maelezo. Babu, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa haukunjiki, alikwenda mikono mitupu Jumatatu nne mfululizo, akahukumiwa miezi mitatu ya kuvunja mawe ya barabara, na kila aliyemwona akitembea alijua kwamba miezi hiyo hataimaliza akiwa hai.

Ndipo wazee wakaandika ombi kwa serikali, baba akiwa karani kwa ajili ya mwandiko wake, wakiomba kijiji kisidaiwe wadudu ambao hawapo, na Mzee Penitala afutiwe adhabu. Kuandika kulichukua asubuhi moja, kutia sahihi kulichukua siku tatu, kwa maana hakuna mkuu wa ukoo aliyekubali jina lake likae chini ya jina la mwenzake, mpaka wakakubaliana kuyaandika yakizunguka ukingo wa karatasi, kama wao wenyewe wanavyozunguka bakuli la kava, kinywaji chetu cha baraza. Bibi Lagi akaitazama karatasi ile akasema, "Nzuri, lakini karatasi haina magoti. Pelekeni na mkeka."

Basi tarehe 14 Juni 1928 baba, akiwa na miaka kumi na tisa, alipiga magoti badala ya babu mbele ya ofisi ya serikali, amefunikwa mkeka laini wa ukoo, wazee sitini wameinamisha vichwa nyuma yake, wakisubiri aliyekosewa amfunue, kwa kuwa akishakufunua amekusamehe na neno limekwisha. Bwana mkubwa, aliyekuwa na miezi miwili tu nchini, akatoka na kikombe chake cha chai, akadhani ameletewa mzigo, akaugusa kwa ncha ya kiatu, mzigo ukapiga chafya, naye kwa mshtuko akaufunua mwenyewe.

Wazee wakalipuka, "Asante, Mheshimiwa! Mungu akuzidishie!" Yule bwana akamgeukia mkalimani wake, Bwana Ioelu, akauliza, "Kwani nimefanya nini?" Ioelu akamjibu, "Umeshasamehe, bwana." "Nimesamehe nini?" "Kuna barua hapa, itakueleza."

Akaisoma akiizungusha mikononi, akaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu sitini, akakubali yote kwa sharti moja, kwamba baada ya mwezi atakuja kukagua, na akikuta chonga mmoja tu Saletele, Mzee Penitala atakwenda kwenye mawe siku hiyohiyo. Alikuja, hakukuta hata mmoja, babu akaishi miaka kumi na mitano zaidi, na mkeka ukarudishwa, maana yule bwana alidhani tumeusahau. Lakini alipopita Vaifou, kijiji jirani, aliwakuta chonga kwa vikapu ndani ya gogo moja bovu, Vaifou wakatozwa chonga ishirini badala ya kumi hadi 1931, na tangu hapo sisi tukawaita Wafuga Chonga, tukawaimbia hivyo kwenye kila mchezo wa kriketi, na kila wimbo ule ulipoanza baba alikuwa akiondoka uwanjani, nasi tukadhani hapendi muziki.

Tarehe 10 Februari 1934 alifunga ndoa na mama yetu, Sulieti, kanisani kwao Vaifou, wakajaliwa watoto saba, akawa shemasi na karani wa kijiji hadi 1972, na kila mwaka alipeleka Vaifou magimbi na nguruwe bila kusema sababu, mama akiringa kwamba hakuna mwanamume anayependa wakwe kama mumewe.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na tarehe 16 Agosti 1986 alituita mimi na mama kitandani akaniambia, "Fetuao, andika. Lile gogo lilikuwa langu." Mapema 1928 alikuwa ameficha gogo bovu la mnazi nyuma ya kanisa, akifuga chonga humo ili baba yake asikose kumi wa Jumatatu, wakachelewa kukua, na aliposikia habari ya ukaguzi aliliviringisha mchana kweupe, Vaifou wote wakiwa ibadani, akaliacha katika minazi yao.

Mama akasema, "Miaka hamsini na miwili nalala na Mfuga Chonga mwenyewe, kumbe!" akacheka mpaka nesi akaja, kisha akalia. Baba akasema, "Nifunikeni mkeka uleule. Vaifou wakikataa kunifunua, wana haki." Alifariki tarehe 19 Agosti, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliopika siku nne, mashemasi wenzake, na vijana waliochimba kaburi katika mawe haya magumu.

Sasa, Mzee Lautafi, mkuu wa Vaifou, mkeka unaouona juu ya jeneza ndio ule, na ombi letu safari hii lina jina moja tu. Tunaona haya, na tunaogopa. Tutaketi chini vichwa tumeinamisha, hatutamzika kabla hujaamua, na ukimfunua nitasoma mstari mmoja uliobaki, usipomfunua nitaikunja karatasi.

Asante, Mzee. Asante sana. Ndiyo, nimesikia, wimbo ule umekufa leo, na magimbi yataendelea kuja kila mwaka.

Baba, umefunuliwa. Pumzika kwa amani.