Kura Zinazofutana

Benchi la mbele ya duka la misumari na rangi pale Pell Creek, Ohio, halikosi watu, hata siku ile ya Novemba baridi ilipokuwa inang'ata masikio. Watatu walikuwapo. Stuckey, aitwaye Jenereta kwa sababu akiwaka mtaa mzima unajua. Hatcher, aitwaye Jaji, ingawa mahakamani alifika kulipa faini tu. Na Lonnie Redio, asiyezimika mdomo. Ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la zimamoto, watu walikuwa wanapiga kura. Hawa walikuwa wanapiga kahawa.

— Kura yangu niliituma kwa posta zamani, alisema Redio. Ninyi mbona mmekaa?

— Tuna mkataba, alisema Jaji. Mimi na Jenereta hatukubaliani hata juu ya mvua. Nikipiga, anaifuta. Akipiga, naifuta. Basi tunakaa, tunaokoa petroli.

— Jengo lile pale, Jaji. Petroli gani?

— Viatu, basi.

Jenereta alijiona mtu wa maana. Kwa mkataba huo walipeana mikono nywele zao zikiwa bado nyeusi, na yeye akishatoa neno halirudishi.

— Ingekuwa nchi nzima inafanya hivyo, alisema, kampeni zingekufa. Zile simu za wakati wa kula zingekufa.

— Kila mtu na mpinzani wake, wawili wawili, nyumbani, alidakia Redio. Anabaki mmoja asiye na mwenzake. Huyo ndiye anachagua rais.

— Nani huyo?

— Mimi. Nani atakubali kupangwa na mimi?

Hilo halikuwa na ubishi.

Marisela, dereva mpya wa basi la shule, akatoka dukani na mfuko wa chumvi ya barafu.

— Wazee wangu, mmeshapiga? Hakuna foleni. Unaonyesha leseni ya udereva yenye picha, wanatafuta jina lako, unajaza, unakwenda zako.

Jaji akamweleza mkataba taratibu, kama anafundisha chekechea. Marisela alimsikiliza mpaka mwisho.

— Na ile kodi ya gari la wagonjwa, inayopigiwa kura kwenye karatasi hiyo hiyo? Isipopita, gari linaondoka. Hapo nako mnapingana?

Gari hilo ndilo lililomwahi Arlene, mke wa Jenereta, moyo ulipomgomea katikati ya theluji. Jaji ndiye aliyeshika koleo akasafisha njia lipite. Tangu hapo wamekaa benchi moja karibu kila siku, na juu ya kodi hiyo hawakuulizana.

— Wewe ungesemaje? aliuliza Jenereta, sauti chini.

— Ningesema ndiyo, mjinga wewe. Kwani Arlene ni jirani wa nani? Na wewe?

— Unaniuliza mimi, Jaji? Mimi?

Redio alitazama viatu vyake.

— Twende, alisema Jenereta. Hilo moja tu. Mengine tunayaacha wazi, mkataba uko palepale. Karatasi itakubali?

— Itakubali, alisema Marisela. Unajaza unachotaka.

Jaji hakuinuka.

— Nitajuaje kama mengine hukuyajaza?

— Hutajua, alisema Jenereta. Kura ni siri.

Jaji akamwaga kahawa chini, akapapasa mfuko wa nyuma kuhakikisha leseni ipo, akasimama.

— Basi na wewe hutajua.

Wakavuka barabara, kila mmoja akinyoosha hatua asitanguliwe mlangoni.