Mume Wangu na Mkia wa Dima

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana benchi la akina mama sikulisikia vizuri. Mimi ni Zipora, mama Elia, mke wa Yona, yule mliyemjua akivuta kamba ya kivuko pale Garsen. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonirudishia mume wangu kutoka majini, na nisipoeleza leo nitapasuka.

Mnatujua sisi Wapokomo. Sisi ni watu wa jembe na mtumbwi. Mpunga, mahindi, ndizi, samaki, basi. Lakini Yona wangu alipenda ng'ombe! Waorma walipofika kivukoni na mifugo yao, aliisahau kamba akabaki kutazama pembe, mpaka wenzake wakampigia kelele. Mshahara wake wote ulikwenda kwa rafiki yake Barisa, Mworma mwenye mifugo mingi, akanunua mitamba. Kisha akaacha kivuko, akaacha na jembe, tukajenga boma kwenye mwinuko kando ya mto Tana. Akaniambia, "Mama Elia, sasa sisi ni wafugaji." Nikamwambia haya, mfugaji, kalete kuni.

Ndugu zangu, zile zilikuwa siku tamu. Watoto walinenepa kwa maziwa. Nilijifunza kufukiza vibuyu moshi kama wanavyofanya wake za Waorma, maziwa yakanukia vizuri. Jioni Yona alirudi ananuka zizi, nikamwambia asinikaribie, naye ndiyo kwanza anakaribia! Alikuwa na mtamba mmoja aliyemwita Dima, maana yake nyekundu kwa lugha ya Barisa. Huyo alisalimiwa kabla yangu kila asubuhi.

Sasa, mvua zinapokaribia, Waorma huondoa ng'ombe mtoni na kuwapeleka malisho ya mbali, kwenye nchi kavu, wasiumwe na mbung'o. Hata Mpokomo mwenye ng'ombe wake humpa rafiki Mworma aende nao. Barisa akaja kwetu. "Yona, mvua nakuja. Mto saa hii si ya ng'ombe. Nipe mimi napeleka juu, kiangazi narudisha."

Yona akakataa. Si kwamba alimshuku Barisa, hata kidogo. Ila sisi watu wa mto tukiona shida tunaukimbilia mto, hatuukimbii. Kwetu mto ndio mama. Tena hakuweza kulala bila kuwasikia ng'ombe wake wakicheua nje ya ukuta.

Mbung'o wakaja. Ng'ombe wakakonda, wakatoa machozi, wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, akabaki Dima peke yake, naye ana mimba. Nyimbo zikaisha nyumbani, sala zikaisha. Siku moja Yona akaniambia, "Mungu wetu sisi wakulima hajui ng'ombe." Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko ile mizoga!

Haikupita muda, maji yakaja. Mvua ilikuwa imenyesha huko bara milimani, kwetu jua linawaka, mto ukapanda asubuhi kweupe. Kaka yangu alifika na mtumbwi, akanivusha mimi na watoto mpaka mahali pa juu, akarudi kumchukua Yona. Yona akakataa kupanda! Mtumbwi haubebi ng'ombe, naye hamwachi Dima. Alikuwa amemfunga kwenye mti wa mkoma kwa kamba fupi asichukuliwe na maji, na mwenyewe amemkumbatia shingo. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Na mamba wa Tana mnawajua, sina haja ya kuwasifu.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nikapiga magoti kwenye tope, watoto wamenishika kanga. Sikuomba ng'ombe, sikuomba boma. Nilisema, "Bwana, nipe huyu mtu akiwa anapumua. Mengine yote chukua!"

Nilipoinua macho, Barisa alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa amesikia siku kadhaa nyuma kwamba mto umepanda huko bara, akatembea kutoka malishoni kumtafuta rafiki yake. Akapaza sauti, "Yona! Fungua kamba!" Yona akatikisa kichwa. Barisa hakubishana naye. Akaanza kuimba ule mwito wa Waorma wa kuwaita ng'ombe wanywe maji.

Dima alizaliwa zizini mwa Barisa. Akainua masikio. Akaanza kuvuta kamba kwa nguvu zake zote, ikamkaba, ulimi ukatoka. Na hapo, ndugu zangu, hapo Mungu alimgusa mume wangu! Akaona kwamba anayemuua Dima si mto tena, ni yeye. Akachomoa kisu, akakata. Dima akajitupa majini, na Yona wangu, mfugaji, akadaka mkia!

Alikuja akivutwa, anazama, anaibuka, anazama tena, na Barisa haachi kuimba. Nililia na kucheka kwa pamoja. Walipofika, Yona alianguka kwenye tope miguuni pangu. Nikamshukuru Barisa mpaka nikaishiwa maneno. Akajibu, "Mimi naita ng'ombe tu. Huyu nakuja mwenyewe."

Haleluya! Maji yalipopungua, Barisa aliondoka na Dima kwenda nchi kavu. Yona aliwasindikiza akilia kama baba anayemwoza binti yake, kisha akarudi akashika jembe. Tope lililoachwa na mto lilitupa mpunga ambao hatujawahi kuuona. Kiangazi Dima akarudi na ndama. Sasa Barisa anakula mahindi yetu, sisi tunakunywa maziwa, na Yona anaomba tena kila jioni. Anawataja ng'ombe kwanza, mimi nafuata. Nimekubali.

Ndugu yangu, kama umeng'ang'ania kitu na maji yanapanda, mwamini Mungu ukikate leo. Yeye hachagui atakayemtuma kukuita. Kwetu alimtuma Mworma, mtu wa msikitini, na wimbo wa ng'ombe.

Na ninyi vijana mnaocheka kule nyuma kwa sababu Yona amelala na anakoroma kanisani, nawaomba mumwache. Hiyo pumzi mnayoisikia ndiyo niliyoiomba.