Lien Yu-hsia, Msomaji wa Ukurasa wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu na ninyi mliotoka maktaba, anayesimama mbele yenu ni Lien Wen-pin, mdogo wa marehemu, na kwa kuwa desturi yetu haimruhusu mzazi kumsindikiza mtoto, mama yetu, Bibi Hsieh A-mien, amekaa katika chumba kilicho nyuma ya pazia hili, ambako kipaza sauti kinamfikishia kila neno.

Marehemu Lien Yu-hsia alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Lukang, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu mzee Lien Ching-tu, fundi wa vijiti vya ubani, akasoma shule ya msingi hapo hapo Lukang kuanzia 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari ya wasichana Changhua hadi 1979, kisha chuo cha ukutubi Taipei, alikohitimu Juni 1983. Tangu utotoni alikuwa na tabia moja iliyomuudhi sana mdogo wake, kila kitabu alianza kwa kusoma ukurasa wa mwisho, halafu akaja kukuharibia utamu wote kabla hujafika katikati.

Tarehe 1 Agosti 1983 aliajiriwa katika maktaba moja ya umma mjini Taichung, kitengo cha kuorodhesha vitabu, akatumika huko miaka thelathini na minane hadi kustaafu mwaka 2021. Novemba 1989 alikuta riwaya ya wasichana wawili waliopendana imewekwa kwenye rafu ya magonjwa ya akili, akaihamishia kwenye riwaya, kesho yake akaikuta imerudi kwenye magonjwa, akaihamisha tena, na vita hiyo ya kimyakimya ikaenda wiki tatu bila mtu kufungua mdomo. Tangu hapo alijua pa kuwatafutia wenzake, yaani kwenye rafu walikofichwa, afya, uhalifu, malezi ya vijana, na kuanzia 1996, kwa jina la Msomaji wa Nyuma, akawa anahakiki vitabu hivyo kwenye ubao wa mijadala wa kompyuta za chuo kikuu kimoja, vitabu vya wanawake wanaopenda wanawake na vya wale wanaopenda wanawake na wanaume pia, jumla yake 1,140, na mama yetu hakuwahi kusikia hata kimoja. Alichoshwa na riwaya ambamo mmoja anakufa na mwenzake anatoka msibani kwa mlango wa nyuma kama mpita njia, kwa hiyo kila uhakiki aliufunga kwa swali lile lile, "Je, aliyebaki ametajwa kwa jina?", na kitabu kisichomtaja, hata kiwe kitamu vipi, alikinyima nyota.

Kuhusu ndoa, karatasi ya wasifu iliyochapwa, ambayo familia iliipitisha Jumapili, inasema marehemu hakuolewa, kwani mama alipoulizwa alijibu, "Andikeni hakuolewa, yaishe, watu wasije wakanicheka uzeeni," na mdogo wa marehemu akaitikia, "Sawa, mama," akaandika na kutia jina lake chini. Na kwa kuwa binti asiyeolewa hana nafasi kwenye madhabahu ya nyumbani ya kuwaenzi wafu wa ukoo, ikaamuliwa kibao chenye jina lake kipelekwe hekaluni, kikae na vya wasio na kwao. Yanayofuata hayakuchapwa, yameandikwa kwa mkono asubuhi ya leo, na ninamwomba mama, tafadhali, asizime kipaza sauti.

Machi 1998 Yu-hsia aliandikiwa barua kali na Tu Chiu-lan, mwenye duka la chai na vitafunio vya asubuhi, mwanamke aliyefiwa na mume, akilalamikia uhakiki mmoja uliomwita mwanamke kama yeye kigeugeu: "Nilimpenda mume wangu, sasa nampenda mwanamke, ugeugeu uko wapi hapo? Njoo dukani kwangu unywe maziwa ya soya uniambie usoni, kama kweli una ubavu." Dada akaenda, akaunguza ulimi, akaomba radhi, akaufuta uhakiki ule na kuandika mwingine, na kwa miaka ishirini na sita hakuacha kwenda. Tarehe 5 Juni 2019, siku kumi na mbili tu baada ya sheria kuruhusu, walifunga ndoa kwa msajili, na kwa kuwa sheria hudai mashahidi wawili, wa kwanza kutia sahihi alikuwa mdogo wa marehemu, yaani mimi. Nimeandika jina langu kwenye karatasi mbili kuhusu ndoa ya dada yangu, na hii iliyochapwa ndiyo ya uongo.

Hakujaliwa mtoto. Tarehe 11 Septemba 2023 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, Chiu-lan akafunga duka amuuguze, na siku muuguzi alipomuuliza, "Wewe ni nani wake?", mama akiwa amekaa pale pale kando ya kitanda, Chiu-lan alijibu, "Rafiki tu," dada akageuzia uso ukutani, nami nikatazama viatu vyangu. Alifariki tarehe 19 Machi 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, na asubuhi ya siku hiyo aliniita karibu akaniambia, "Wen-pin, huu ukurasa wa mwisho nimeshausoma. Usiniharibie."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kansa, majirani mliokesha mkikunja maua ya karatasi, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na ninyi akina dada wa safu za nyuma, ambao tangu asubuhi mnaulizwa mmemjuaje marehemu mnainamisha vichwa, sasa tunajua, ninyi ndio wasomaji wa hakiki zake, karibuni.

Marehemu ameacha mama, mdogo mmoja, na mke, jina lake Tu Chiu-lan, yule aliyekaa karibu na mlango, ambaye ninamwomba aje mbele akae kwenye kiti changu, na kibao cha jina kitakwenda nyumbani kwake, si hekaluni. Mama, hasira zako nizipokee mimi, yeye umwache.

Dada, aliyebaki ametajwa kwa jina. Sasa pumzika kwa amani.