Kokteli ya Mathe Inakataa Kuwa Nyeusi

Pale Bulengera, kwenye kona wanapoegesha pikipiki, kuna benchi linaloyumba na chai ya Anne-Marie. Asubuhi hiyo chai ilisahaulika. Wote walikuwa wameinamia sufuria ya Mathe, Mathe mwenyewe akiwa mbele. Papa Ignace, baba yake Mélanie, mchumba wa Mathe, alikuwa njiani kutoka Kayna kuja kumtazama mkwe kwa mara ya kwanza, na mkwe alikuwa amejigamba kwamba atampokea na kokteli ya kahawa. Aliiona kwenye simu: kahawa baridi, sukari, pombe kali, unatikisa mpaka povu. Kahawa aliichota kwenye gunia la shamba la mama yake. Pombe ilikuwa lotoko, ile kali ya kienyeji, maana whisky ingemeza mbuzi mmoja wa mahari. Chombo cha kutikisia, kopo la maziwa ya unga. Akatwanga, akachemsha nusu saa nzima. Maji yakatoka ya kijani.

— Kwenye video ilikuwa nyeusi, alisema Mathe, kwa sauti ya mtu anayeona mke akimponyoka.

— Unalia bure, alisema Kasika, anayeitwa Douane, yaani Forodha, kwa sababu zamani alibeba mizigo mpakani Kasindi. Kahawa inaendaka ya kijani mpaka kwa barrière. Weusi unaanziaka ngambo. Kule njo banaipakaka rangi.

— Rangi gani! alidakia Jordy, aliyesoma kemia mwaka mmoja na tangu hapo anaitwa Professeur. Ni bateau, ile meli! Kahawa inapitisha mwezi muzima mu bateau, moshi ya moteur inaingia mu magunia. Njo maana Bazungu banaipenda.

— Donc niifukize na pikipiki? aliuliza Mathe.

— Ya Douane inatosha, alisema Anne-Marie. Moshi yake inaweza geuza hata maziwa.

Aibu kusema, lakini Mathe alikuwa ameshalitazama bomba la moshi la ile pikipiki.

— Tia lotoko kwanza, aliamuru Professeur. Lotoko itaifundisha adabu.

Wakatia, wakatikisa kwa zamu. Povu likaja, zuri kabisa, la kijani.

Hapo pikipiki ikasimama, akashuka mzee mwenye kofia na macho ya Mélanie.

— Papa, karibu. Onja kidogo, ni kokteli ya kahawa.

Mzee alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akalitazama tena lile povu. Kwa miaka thelathini alikuwa amelima kahawa, ameianika na kuiuza mbichi kwa magunia.

— Mutoto yangu, hii kahawa mulikaanga?

Benchi zima likatazama chini. Hakuna aliyekuwa ametaja kikaango.

— Na mafuta, Papa, aliuliza Mathe taratibu, ao bila mafuta?

Papa Ignace mwenyewe hakuwahi kuikaanga; alisikia tu kwa wanunuzi. Alimtazama Douane, akamtazama Professeur, kisha akawasukuma kidogo na kuketi katikati yao.

— Hiyo, alisema, utanijibia siku ya mahari.