Mlango wa Vidole Viwili

Shangazi Koleo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne ya kusuka mashada katika duka letu la maua. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Muulizeni yeyote. Au basi msiulize, maana atakayejibu ni yeye, naye atasema kweli: siku aliyoanza nilimwonyesha msumari wa kutundikia aproni, na hata huo ulikuwa wa mtu mwingine. Mimi ni dereva, napeleka maua. Shule niliiacha ilipofika kwenye desimali, kwa hiyo mkiona koma imekaa pabaya, isogezeni wenyewe.

Jina alilipata kwa sababu koleo halimtoki mfukoni. Kwake shada si pambo. Mteja akiagiza, kwanza apewe somo: zamani washindi wa mbio walivikwa majani kichwani, si dhahabu, wakumbuke kwamba sifa nazo hunyauka, shada la mlangoni ni kumwambia mgeni karibu ndani, la kaburini ni duara, halina mwanzo wala mwisho, kama kumbukumbu. Watu waliokuja kununua waridi moja wametoka hapa na elimu ya wiki nzima, waridi wamelisahau mezani.

Lakini kanuni yake kubwa ni moja. Shada la marehemu hulifunga kabisa. La mtu aliye hai huliachia nafasi ya vidole viwili, anaiita mlango wa kutokea, asije mtu akafungiwa mambo yake kabla ya wakati.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomgombanisha na mpiga ramli wa ghorofani, bibi mwenye karata za picha. Karata moja inaitwa Dunia: mwanamke anacheza katikati ya shada, na shada limefungwa pande zote. Bibi husema maana yake ni kukamilika, safari imefika, kazi imeisha vizuri. Shangazi husema huyo mama kashazikwa, ila hajaambiwa. Wamebishana miaka kumi na mmoja, chai mkononi, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kuna mwaka nilichanganya mashada mawili, yote meupe. La mhitimu nikalipeleka msibani, la msibani nikalipeleka kwenye mahafali. Shangazi alipogundua alipanda pikipiki na aproni yake, akaingia ukumbini katikati ya hotuba, akapanda jukwaani, akamwambia binti wa watu, "Mwanangu, usitikisike," akamkatia waya shingoni. Ukumbi ulidhani ni sehemu ya ratiba, ukapiga makofi. Mgeni rasmi naye akainamisha shingo akingoja zamu yake. Lile lililokwenda msibani hakulifuata. Alisema marehemu akiachiwa mlango hadhuriki.

Meneja alipouliza Shangazi alikuwa wapi saa za kazi, nikajibu kaenda kung'oa jino. Ikabidi atembee siku tatu kashika shavu. "Hili nitakulipa," aliniambia kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa niseme jambo ambalo Meneja atalisomea hapa. Barua ya kustaafu ilikuja mara tatu, na mara mbili Shangazi aliomba asogezewe muda, eti kuna maagizo ya harusi. Hakukuwa na harusi. Aliniambia ndani ya gari, tukingoja geti lifunguliwe, kwamba anaogopa. Kila alichokifunga kabisa kwa mikono yake kilikwenda makaburini, na sasa inafungwa kazi yake. Nikapiga honi.

Jibu lilishuka kutoka ghorofani. Bibi alikuja na ile karata, akaiweka juu ya meza ya kazi, akaomba mkasi, akaikata kutoka ukingoni mpaka ndani ya shada. Pakiti nzima imeharibika, maana karata yenye jeraha hujulikana hata ikifunikwa. "Haya, dada," akasema, "mimi nimekupa mlango. Wewe nipe kukamilika." Shangazi alicheka mpaka akakalia ndoo ya maua, na maua yamo. Barua ya tatu aliisaini akiwa na sketi iliyolowa.

Shangazi, wote hapa dukani tunakushukuru kwa vidole vilivyochomwa na waya kwa ajili ya furaha na vilio vya watu usiowajua. Shada lililo mlangoni leo nimelisuka mimi, na hili si uongo, litazame tu. Linafanana na kiota kilichoangushwa. Nafasi yake ni ya mkono mzima, si kwa ufundi, waya uliniishia. Pita hapo ukale pensheni yako kwa afya, na wajukuu wakuchoshe vizuri.

Ila lile jino bado nakudai. Siku yangu ikifika, shada langu asilisuke mtu mwingine, na usilifunge. Najua kwako stahili ya marehemu ni duara zima. Wewe niachie vidole viwili tu. Au vitatu, maana siku hizi nimenenepa.