Mama Mikono na Beseni la Pipi

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Mchana. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia dari ya duka la watu. Simu ikalia mfukoni. Akaitoa kwa vidole viwili, vile ambavyo havikuwa na rangi.

"Wewe ndiye mume wa huyu mama anayeshona mikono?"

"Ndiye mimi. Kuna nini?"

"Njoo umchukue. Amelewa. Ananitukana mbele ya wafanyakazi wangu."

Fundi rangi alihisi ngazi inacheza. Ngazi haikucheza. Mke wake alikuwa hajawahi kuonja pombe hata kwa kukosea bilauri.

"Bosi, nakuomba, mpe sukari. Mpe soda, mpe chai, mpe kitu chochote kitamu. Sasa hivi, bosi!"

Kisha ile sauti ikasema, "Mkeo ananitukana, na wewe unaniambia nimnunulie soda? Kumbe mmepanga." Simu ikakatwa.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama huyo. Kiwandani walimwita Mama Mikono. Pale kiwanda cha sare kila mtu ana kipande chake. Huyu anashona kola, yule mifuko. Yeye alishona mikono ya mashati. Mikono tu, miaka kumi na moja. Mume wake akimuuliza, "Hivi mimi utanishonea lini shati?" alimjibu, "Mimi nitakushonea mikono, mwili katafute kwa mwingine." Halafu anacheka mpaka anashika ukuta.

Alikuwa na kisukari. Kile cha sindano. Aliishi nacho miaka kumi na sita, na nasema aliishi. Asubuhi kabla ya chai alifinya ngozi ya tumbo, akajichoma, akashusha blauzi, akaendelea kumsema binti yake kuhusu vyombo vya jana. Hakukatiza hata sentensi. Friji hawakuwa nayo. Dawa ilikaa kwenye chungu kidogo, chungu kidogo kikakaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kilicholoweshwa. Kona ya chumba, mbali na dirisha.

"Tulikua tukijua kile chungu hakiguswi," anasema binti yake. "Mpira ukibingirika upande ule, huo si mpira wako tena."

Jioni fundi rangi alimkagua miguu. Alipiga magoti na tochi ya simu, akapita kidole kwa kidole, unyayo kwa unyayo, anatafuta kidonda, kisije kikaanza bila yeye kujua. "Umeona nini, fundi?" anauliza mke. "Kisigino hiki kinataka rangi ya pili," anajibu mume. Ndivyo walivyoishi. Ugonjwa ulikuwa kama mpangaji ndani ya nyumba yao. Hawakumpenda, lakini walijua anaamka saa ngapi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Watu wengi wanajua sukari ikipanda. Wengi hawajui ikishuka. Mtu amechoma sindano, chakula kikachelewa, sukari inashuka. Ikishuka sana inaua, na haichukui siku nyingi. Narudia, maana kuna mahali jambo hili halikusikika: mgonjwa wa kisukari sukari ikimshuka, dawa yake ni sukari.

Kwa Mama Mikono dalili ilikuwa ulimi. Mwanamke mpole, lakini sukari ikishuka anatafuta ugomvi. Jasho linamtoka, mumewe anakuwa "we bwana", na matusi yanakuja hata asiyoyajua. Mume akisikia "we bwana" anakimbilia jikoni. Siku moja alipaka kabati la mkewe rangi ya kijani bila kumuuliza. Mama akarudi, akaliona, akawaka. Fundi rangi akatoka mbio, akaleta bilauri ya juisi. Mama akamtazama. Akainywa yote, taratibu. Akaweka bilauri chini. "Haya, nimekunywa. Sukari iko sawa. Sasa turudi kwenye kabati."

Kiwandani walimjua. Msimamizi wa zamani alimjua. Kanuni ilikataza chakula karibu na vitambaa, lakini mama alijishonea kifuko ndani ya aproni yake, akaweka pipi zake nne, na mzee yule akajifanya haoni. Miaka yote hiyo hakuna shati lililoliwa na sisimizi.

Mzee akastaafu. Wakubwa wakaleta msimamizi mpya. Akaweka beseni la plastiki kwenye mlango wa ukumbi wa kushonea. Kila anayeingia anamwaga ndani ya beseni kila kinacholiwa. Jirani wa Mama Mikono kwenye cherehani, yule rafiki aliyemwita shoga, alikuwa nyuma yake kwenye foleni siku ya kwanza.

"Mama, toa hizo pipi."

"Bosi, mimi nina kisukari."

"Kisukari? Halafu unatembea na pipi? Si ndiyo sumu yako hiyo? Shukuru, nakuokoa."

"Watu walicheka," anasema shoga. "Na mimi nilicheka. Kwa woga, lakini nilicheka."

Mama akapanda ofisini, kwa mkubwa wa msimamizi. Akaeleza. Akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Wiki ya kwanza, linashughulikiwa. Wiki ya pili, linashughulikiwa. Sijui lilikuwa suala zito kiasi gani, pipi nne zinashughulikiwa wiki tatu.

Kila jioni fundi rangi, tochi mkononi, aliuliza, "Pipi?"

"Bado."

"Acha kazi, mama watoto."

"Na sindano ataninunulia nani? Hiyo brashi yako ya msimu?"

Akahamishia tochi mguu wa pili. Mama alijiponya kwa kengele. Kengele ya chakula ikilia, anakula. Mradi kengele inalia kwa wakati, yuko salama. Maisha ya mtu yakaning'inia kwenye kengele ya kiwanda.

Jumanne ile mzigo ulitakiwa uondoke. Msimamizi akatangaza hakuna kula mpaka maboksi yajae. Kengele haikulia.

"Nilimwona anashona mkono wa kushoto upande wa kulia," anasema shoga. "Kosa hilo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Nikasimama. Nikasema, bosi, huyu apewe sukari. Akaniambia, kaa chini, au toka na kazi uiache hapohapo. Nikakaa. Nina watoto. Nikakaa."

Mama Mikono ndiye aliyesimama. Jasho linamtiririka. "We bwana," akamwambia msimamizi, "kichwa kama pasi ya mkaa, unachoma watu halafu unasema unawanyoosha?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichommaliza mama. Msimamizi akamshika mkono, akampeleka stoo ya vifungo. "Akae humo apoe." Kisha akapiga ile simu.

Fundi rangi alitoka mbio na rangi usoni. Alinyakua soda dukani, akatupa noti bila kungoja chenji. Hakumbuki njia. Anakumbuka geti.

"Kitambulisho," akasema mlinzi.

"Ndugu yangu, mke wangu anakufa humo ndani."

"Wote mnasema hivyo. Ngoja nipige juu." Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Fundi rangi hakungoja ya tatu. Alimsukuma mlinzi, akaacha alama ya kiganja cha rangi nyeupe kwenye kifua cha shati lake, akakimbilia ndani. Shoga alimwona, akainuka safari hii, akamwonyesha mlango.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, kando ya mlango, kwa nje. Fundi rangi aliufungua mwenyewe.

Mama alikuwa sakafuni, katikati ya vifungo vilivyomwagika. Alikuwa amefika hadi mlangoni. Mume alimwinua kichwa, akamwekea soda mdomoni. "Kunywa, mama. Kunywa, halafu unitukane." Soda ikapita shavuni, ikadondokea kwenye vifungo. Hakumeza.

Hospitali walifanya walichoweza. Alhamisi asubuhi akafariki. Hakuwa ameamka.

Wakubwa walituma shada la maua. Walisema kwa masikitiko kwamba mfanyakazi wao amefariki kutokana na ugonjwa wa muda mrefu. Fundi rangi aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama mbele ya shada. Akasema, na watu walimsikia: "Ugonjwa aliishi nao miaka kumi na sita. Hawa ameishi nao wiki tatu."

Chungu bado kiko konani. Binti anasema baba yake analowesha kitambaa kila asubuhi, na hakuna anayethubutu kumuuliza.

Kwa fundi rangi, kwa binti, kwa shoga ambaye bado anakaa kwenye cherehani ileile, tunawapa pole. Na wewe unayetusikiliza, hasa wewe uliyepewa watu wa kuwasimamia, mtu akikwambia anaumwa, muulize anahitaji nini. Usimfundishe ugonjwa wake.

Msimamizi anasema mlango aliurudishia tu, hakuufunga. Mlinzi anasema hakutoka getini. Ofisini wanasema suala hilo nalo linashughulikiwa. Lakini mama alifika hadi mlangoni, wasikilizaji wapendwa, na ufunguo ulirudishwa kwenye msumari wake.

Nani aliuzungusha?