Mukagasana Aliitika

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe ya volkano, kwenye njia ya Keshero, mbele ya jiko la Mama Apolline muuza kahawa. Alasiri hiyo ya mwaka 1956, Sebahire, fundi viatu, hakugusa kikombe chake. Asubuhi komite ya hospitali, yaani munganga, padri na karani wa serikali, ilisimama kando ya kitanda cha bibi yake wa ndoa, Mukagasana, ikaamua atolewe kizazi. Kisu kilikuwa kesho. Mimi nilikuwa nimemzika bibi yangu kabla ya Pasaka, basi nilimwombea.

— Usiogope, alisema Avoka, mshonaji tuliyemwita hivyo, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi mara moja tu mbele ya hakimu wa tribinali. Bila komite, munganga anakata kama anavyopenda. Na komite, anakata kama wote watatu wanavyopenda.

— Padri anafanya nini mule? aliuliza Mama Apolline.

— Anachunga roho, alijibu Donat, mpiga kengele wa kanisa, tuliyemwita Monsenyeri, kama askofu. Kisu kikiikaribia, anakohoa.

— Na karani?

— Anahesabu kura, alisema Avoka. Zikilingana, wanakata nusu.

— Watu watatu, zitalinganaje?

— Padri anaweza kusinzia!

Tulicheka, isipokuwa Sebahire.

— Na mugonjwa, mama akaendelea, ana kura?

— Yeye ndiye shauri lenyewe la mukutano! alijibu Avoka. Atapigaje kura?

— Lakini walimuuliza, alisema Sebahire. Anfirmie, muuguzi wa pale, ameniambia Mukagasana aliitika. Na mimi nilisikia, nilikuwa mulangoni. Munganga alisema Kifaransa kirefu, kirefu, akamalizia kwa nguvu: "Mukagasana!" Naye akaitika: "Karame!"

— Basi! Avoka alijipiga goti. Ameitika mbele ya mashahidi. Hata Brisele, kwa Wabelgiji, hawawezi kuvunja.

Mama Athanasie, mgeni wa Rutshuru, alikuwa ametua kikapu chake cha maharagi ili anywe kahawa. Alituangalia mmoja mmoja.

— Samahani, bapapa. Mutu akiitwa jina lake, anasema karame, si hivyo? Sasa huyo mama aliitika jina, ao aliitika kisu?

Sebahire alisimama, akashika njia ya hospitali karibu kukimbia, kofia yake ikabaki kwenye benchi.

Nilifanya ishara ya msalaba. Kabla ya Pasaka, mimi pia niliambiwa hospitali kwamba bibi yangu aliitika.